Mazoezi ya Taratibu

Mwantum alipopunguzwa kazi ya ualimu, kitu kimoja tu alikataa kukiacha: kuruka kamba. Kila alfajiri, akishasali, alitoka uani amevaa suruali yake ya michezo ndani ya kanga, akaruka mara mia tatu bila kusita. Halafu alichuchumaa na kuinuka, akakimbia papo hapo mpaka kuku wakahamia upenuni, akamalizia kwa kunyanyua madumu mawili ya maji. Miaka kumi na minane alikuwa mwalimu wa michezo, na mwili wake ulikuwa bado unangoja filimbi. Majirani zake wa Kibiti walishazoea. Wakisikia kamba inachapa sakafu ya uani kwake, walijua kumekucha.

Mwaka 1995 goti la kushoto likaanza kulia. Lililia kweli, kama bawaba iliyokosa mafuta, na asubuhi nyingine alishuka kitandani ameshika ukuta. Mumewe, Sadallah, mwenye duka barabarani, alimwambia aache. Hakuacha.

Nafuu ilikuja kwa njia asiyoitazamia. Ndugu yake Feisal, aliyekuwa akifanya kazi Maskati, aliwaletea televisheni, deki ya video na kanda tatu. Mbili zilikuwa za sinema za Kihindi. Ya tatu Feisal aliitia sandukuni bila kuitazama. Sadallah alipowasha jenereta na kuitumbukiza ndani ya deki, alitokea mama mmoja mtu mzima, nywele nyeupe, amekaa juu ya mkeka miguu mitupu, anazungumza Kiingereza polepole.

"Anauza nini?" Sadallah aliuliza. Siku zile kila kilichotoka nje kilikuwa kinauzwa.

"Hauzi. Anafundisha yoga."

Kiingereza cha Mwantum kilikuwa cha chuo cha ualimu, lakini kilitosha. Mama yule alisema mazoezi yake ni mepesi, si ya kushindana na mtu. Mwenye mazoezi yake ya kila siku ayaongezee haya mara mbili kwa wiki, viungo vipate kulegea. Pumzi ipite puani. Mwisho wa maneno yake aliinua kidole, akasema mwenye maradhi ya moyo amwone daktari kwanza, na asilale chali ikiwa pumzi inamkataa. Halafu akainama akagusa vidole vya miguu, kana kwamba mgongo wake hauna mfupa.

Mwantum aliyasikia maneno yale mara moja tu. Tangu siku ya pili alikuwa akiyaruka, akibonyeza kitufe mpaka mazoezi yanapoanza, kwa sababu petroli ya jenereta ilikuwa ya friji la soda, si ya kusikilizia mazungumzo.

Goti likanyamaza. Jumatatu na Alhamisi, baada ya alasiri, alitandika mkeka ukumbini, akajinyoosha kama paka, akajikunja kama mtoto aliyelala, akasimama kwa mguu mmoja mpaka moyo ukatulia. La mwisho lilikuwa kulala chali, mikono imeachwa ubavuni, macho yamefumbwa, bila kutikisa hata kidole, dakika kumi nzima. Yeye aliyezoea kutoka jasho aliliona lile kama mzaha. Lakini ndilo lililomfaa kuliko yote. Aliinuka mwepesi, na siku iliyofuata kamba ilipita chini ya miguu yake bila goti kusema neno.

Siku moja Sadallah aliingia kutoka dukani akamkuta amelala vile. Akamwita mara mbili. Mwantum alimsikia, lakini alivuta pumzi moja zaidi kabla ya kuitika. Alipofumbua macho alimwona mumewe ameshika mlango, midomo imemkauka.

"Usilale hivyo tena," alisema.

"Nimelalaje?"

"Unajua ulivyolala. Hivyo watu hulazwa, hawajilazi."

Jioni ile Sadallah alikwenda kumuuliza mwalimu wa madrasa. Akarudi na jibu kwamba kama ndani yake hakuna maneno ya ibada ya watu wengine, basi ni kujinyoosha tu, na kujinyoosha si haramu. Ili kuwa na hakika, Sadallah aliizima sauti ya televisheni. Tangu hapo yule mama alifundisha akiwa bubu.

Aliyejiunga kwanza alikuwa Zabibu, jirani aliyeshona nguo barazani, mgongo umepinda kwa cherehani. Baada ya wiki mbili akawa anatembea wima kama mlingoti na kuwaambia wateja wake sababu. Kufika Idi walikuwa wanawake sita. Mwantum aliwaongoza kwa sauti yake mwenyewe, "Vuta... shusha...", na ndani ya ukumbi ule uliokuwa kimya tangu alipoacha shule, alijiona mwalimu tena. Maneno ya mwanzo ya yule mama hakuwaambia. Hakuyaficha kwa makusudi. Yalikuwa yamepita, na wanawake wale walikuwa wazima, wanalima na kutwanga.

Zamda alikuja mwezi wa tatu, masika yameanza. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini, mama wa watoto wanne, wa mwisho bado ananyonya. Mumewe, Abdala, alikuwa bondeni upande wa Mtunda, analala dunguni akilinda mpunga usiliwe na nguruwe. Zamda alikuwa na maneno ya kuchekesha, na wenzake walimpenda siku ile ile. Ila Mwantum aliona jambo. Nyumba yake ilikuwa na ngazi tatu za saruji. Zamda alipanda ya kwanza na ya pili, akasimama, mkono ukutani, akaanza kucheka kama aliyekumbuka kitu. Kilikuwa kicheko cha kuficha pumzi. Na alipovua malapa mlangoni, kanda zake zilikuwa zimeacha alama miguuni, kina kama kidole kilichobonyeza donge la unga.

Walipofika lile la mwisho, wote wakalala. Zamda akainuka ghafla akakaa.

"Siwezi, dada. Nikilala chali nazama."

Mwantum alimletea mto. Wiki iliyofuata akataka wa pili. Mwezi wa nne ulipoanza ilikuwa mito mitatu. Wanawake sita walilala chini wamefumba macho, na Zamda katikati yao karibu amekaa, macho wazi, anawatazama mmoja mmoja.

Mvua ya siku hizo haikuwa ya kawaida. Barabara ya Dar ilikatika mara mbili, mabasi yakalala njiani, na mchana ulikuwa wa rangi ya maji ya kuoshea mchele. Alhamisi moja wenzake wakishaondoka, Zamda alibaki ameegemea nguzo ya ukumbi. Akatoa kifuani bahasha iliyokunjwa mara nne.

"Wewe ni mwalimu," alisema. "Nisomee."

Ilikuwa barua ya mganga wa zahanati, kwa Kiingereza, ya kumpeleka hospitali kubwa Dar. Ilikuwa na tarehe ya mwezi wa kwanza. Mwantum aliisoma kimya mpaka mwisho, akarudia.

"Inasemaje?"

"Inasema moyo wako umetanuka tangu ulipojifungua. Maji yanajaa mapafuni na miguuni. Inasema upelekwe haraka, Zamda. Hapa wamepiga mstari chini ya neno."

Zamda alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichotaka kununua. "Mama yangu mdogo alipelekwa huko na barua kama hii. Alirudi ndani ya sanduku, hata uso hatukuonyeshwa."

"Pengine alicheleweshwa."

"Pengine. Lakini mimi nikitoka hapa kwako, usiku ule nalala. Sisemi uongo, dada. Mazoezi haya yananisaidia. Nikishapumua vile unavyotufundisha, kifua kinafunguka." Akamshika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. "Ngoja mpunga uvunwe. Abdala akisharudi, nitakwenda mwenyewe. Ila usimwambie mtu. Akisikia sasa ataacha shamba, na nguruwe watamaliza chakula cha watoto. Niwekee barua. Nyumbani watoto wataichana."

Mwantum alipaswa kukataa. Alijua hivyo wakati ule ule, barua ikiwa mkononi. Lakini neno lililomwingia na kukaa lilikuwa lile la kwamba mazoezi yanamsaidia. Tangu apewe barua yake mwenyewe, ile ya kupunguzwa kazi, hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba anamfaa kwa kitu.

"Mpaka mavuno," alisema. "Siku moja zaidi ya hapo, namwambia Abdala mimi."

Akaiweka barua ndani ya saraka, chini ya kanda.

Baada ya hapo Mwantum alianza kuhesabu vitu bila kutaka. Alihesabu Zamda anasimama mara ngapi tangu njiani mpaka mlangoni. Alhamisi moja zilikuwa tatu, Jumatatu iliyofuata zikawa tano. Alimpunguzia mazoezi mpaka akabakiwa na kunyoosha mikono na kuvuta pumzi tu. Mara mbili usingizini aliota yule mama wa kwenye kanda anainua kidole, midomo inacheza, sauti hakuna. Alfajiri aliruka kamba kwa nguvu zaidi, mia nne, mia tano, mpaka Sadallah akatoka na kumuuliza anamkimbia nani.

Akakaribia kumwambia. Akasema ni goti.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, mwezi wa tano, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi jua lilitoka. Zamda alikuja mapema kuliko wote. Uso wake ulikuwa umejaa, macho yamekuwa madogo, lakini alikuwa na furaha ya ajabu. Alikuwa ameoga, amejipaka hina, amevaa kanga mpya. Aliwaambia wenzake Abdala ametuma salamu kwamba wataanza kuvuna baada ya wiki mbili. Zabibu akamtania kwamba hina ile ni ya kumpokea bwana shamba.

Walipofika lile la mwisho, Mwantum alileta mito. Zamda akaichukua, akampa Zabibu yote mitatu.

"Leo nataka kulala kama wenzangu. Nimechoka kuwatazama."

"Zamda."

"Dakika moja tu, dada. Ikinikataa, nitakaa."

Wanawake wengine walikuwa wameshalala, wanangoja sauti ya mwalimu. Miaka kumi na minane Mwantum alikuwa amekataza watoto kupanda miti mirefu na kuogelea kwenye madimbwi, na hakuwahi kuona haya kusema hapana. Alifungua mdomo kuisema.

"Haya," alisema. "Vuta pumzi."

Zamda alijilaza. Mwanzo kifua kilikuwa kinapanda na kushuka mbiombio, na ndani ya koo mlikuwa na mchemko mdogo, kama uji unaoanza kutokota. Mwantum alikaa juu ya kigoda akimtazama, ameshika magoti yake. Akajiambia akifika kuhesabu ishirini atamwinua. Alipofika ishirini ule mchemko ulikuwa umepungua. Alipofika arobaini ulikuwa umetulia. Uso wa Zamda ukalegea, makunyanzi ya kipaji cha uso yakafutika, na Mwantum akaona fahari. Mungu amsamehe, ndivyo alivyoona. Akasema moyoni: kumbe inawezekana.

Nje jenereta lilinguruma. Nzi mmoja alitembea juu ya mkeka.

"Rudini taratibu," alisema dakika zilipokwisha. "Chezesheni vidole."

Vidole vikacheza. Wanawake wakajinyoosha, wakapiga miayo, wakakaa. Zamda hakukaa.

"Kapitiwa na usingizi," Zabibu alisema akicheka. Akamtikisa bega. Halafu akarudisha mkono wake upesi, kama aliyegusa chungu cha moto.

Walimzika Ijumaa baada ya sala. Abdala alifika kutoka bondeni matope yamemkaukia hadi magotini, akashuka kaburini kumpokea mkewe.

Mwantum alikwenda matangani akiwa amejiandaa. Alikuwa ameshayapanga maneno watakayomwambia, hata matusi, na njia nzima alijihimiza asijitetee. Alipoingia, wanawake waliokaa mkekani walijisogeza kumpisha. Mmoja alimletea maji. Bibi mmoja wa mtaa wa pili, Bi Mwanawetu, kikongwe mwenye kikohozi cha siku nyingi, alimshika mikono yote miwili akaibusu.

"Umemlaza vizuri mwenzetu," alisema. "Alikuwa na udhu wake, kanga mpya, hina miguuni. Hakupapatika wala hakulia. Wangapi tunapata mwisho kama ule?"

"Bibi, yule alikuwa mgonjwa," Mwantum alisema.

"Nani si mgonjwa?" Bi Mwanawetu alijibu, na wanawake wakaitikia.

Mwantum akanywa maji aliyoletewa. Alirudi nyumbani na heshima ile imemkaa shingoni kama mzigo wa kuni mbichi.

Jumatatu hakutandika mkeka. Baada ya alasiri alisikia hodi. Alipofungua, alihesabu vichwa kumi na vinne. Nusu yao hakuwahi kuwaona kwake. Mmoja alikuwa amefungwa kitambaa shingoni kwa uvimbe, mmoja ameletwa akishikwa mkono kwa sababu haoni. Mbele yao alisimama Bi Mwanawetu na mkeka wake kwapani.

"Leo hatufanyi," Mwantum alisema.

"Hatutaki yale ya kujikunja," Bi Mwanawetu alisema. "Hayo waachie vijana. Sisi tuanzie lile la mwisho."

Wakampita wakaingia. Hakujua jinsi ya kuwazuia. Watu waliokuwa wametoka kumzika mwenzao aliyefia mikononi mwake, awafungie mlango kwa sababu gani? Wakatandika ukuta hadi ukuta, wakajilaza, wakaficha miguu kwa kanga, wakafumba macho. Hakuna aliyewaelekeza, lakini wote waligeuza nyuso upande wa kibla. Hakukuwa na televisheni wala jenereta. Mwantum alisimama mlangoni pa chumba akasikiliza. Ukumbi wenye watu kumi na wanne haukutoa sauti hata ya mtu mmoja. Kikohozi cha Bi Mwanawetu kilimjia, akakizuia kwa mkono, mwili ukamtetemeka, akakimeza.

Mwantum alipiga hatua moja ndani.

"Inukeni," alisema.

Hawakuinuka.

"Inukeni!" Akapiga makofi, akapiga kelele ile ya uwanjani. "Simama! Simameni wote!"

Wakafumbua macho mmoja mmoja, wakamtazama kwa uchungu, kama watu walioondolewa mlangoni wakiwa karibu kuitwa. Bi Mwanawetu aliinuka wa mwisho, akakunja mkeka wake polepole.

"Mwalimu," alisema, "unatubania?"

Siku ile Mwantum alimweleza Sadallah kila kitu, kuanzia mito mpaka ile barua. Sadallah alisikiliza amekaa kitandani, kofia mkononi.

"Mtu mwingine anajua?"

"Hapana."

"Basi ichome." Akamtazama. "Mwantum, watu wanakuombea dua misikitini. Unataka waokote mawe? Zamda hatarudi."

Hakuichoma. Lakini hakusema pia, na hilo ndilo lililokuwa baya. Wanawake walihamia kwa Bi Mwanawetu, na Zabibu, ambaye alikuwa amejifunza vizuri, ndiye aliyekuwa akiwahesabia pumzi. Jumatatu na Alhamisi Mwantum aliwaona wakipita mbele ya dirisha lake na mikeka, kila wiki wengi zaidi, wengine wametoka vijiji vya nje. Walikuwa wameshaipa jina. Walisema wanakwenda "kulala kwa Zamda." Mwanamke mmoja mja mzito alipita nao. Na jioni moja Mwantum alipokaa barazani kwa Zabibu akingoja kanga yake ipindwe, aliona mguu wa Zabibu juu ya kikanyagio cha cherehani, na kanda ya lapa imezama ndani ya nyama.

"Miguu yako ina nini?"

"Joto tu," Zabibu alisema bila kuinua macho. "Na kukaa. Nikilala kwa Zamda inapungua."

Mwantum alirudi nyumbani bila kungoja kanga.

Ilikuwa wiki ya kisomo cha siku arobaini cha Zamda. Abdala alikuwa ameshavuna, amekuja mjini kusomesha hitma. Asubuhi iliyofuata Mwantum alimkuta uani kwake akipepeta mpunga peke yake. Hakungoja akaribishwe. Alitoa bahasha, akaisoma, kwanza kwa Kiingereza kama ilivyoandikwa, halafu kwa Kiswahili, neno kwa neno. Akamwambia ni lini alipewa. Akamwambia habari ya mito.

Abdala aliweka ungo chini.

"Soma tena hapo penye mstari."

Akasoma.

"Ulikuwa nayo tangu mwezi wa nne."

"Nilikuwa nayo."

"Mimi niko Mtunda, mwendo wa nusu siku."

"Ndiyo, Abdala."

Kuku wakaja kwenye ungo, naye hakuwafukuza. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, si ya mtu aliyekasirika, na Mwantum angependa iwe ya hasira.

"Kabla sijakwenda bondeni, nilikuwa nikiamka usiku namkuta amekaa. Ameegemea ukuta, anavuta pumzi kama mtu aliyetoka mbio. Mimi nafumba macho. Najifanya nimelala, maana nikimuuliza itabidi tufanye jambo, na mpunga unangoja." Akafuta uso kwa kiganja. "Sikusamehe, mwalimu. Sijui kama nina haki hata ya kutokusamehe. Leo ni siku gani?"

"Jumatatu."

"Wanalala saa ngapi hao wenzio?"

Walikwenda pamoja baada ya alasiri, Abdala mbele, Mwantum nyuma. Nyumba ya Bi Mwanawetu ilikuwa ya miti na udongo, dirisha moja, giza ndani. Harufu ya udi iliwapokea nje. Abdala alibisha, akasimama kizingitini ameinamisha uso kwa heshima ya wanawake waliolala. Mwantum aliingia. Alishindwa kupata pa kukanyaga. Walikuwa zaidi ya ishirini, na sauti ya Zabibu kutoka kona ya mbali ilikuwa inahesabu, lakini kati ya tarakimu na tarakimu ilimbidi asimame avute pumzi.

"Mume wa Zamda yuko mlangoni," Mwantum alisema. "Ametaka niwasomee kitu."

Hakuna aliyejitikisa. Akasoma palepale, amesimama katikati ya miguu yao. Alisoma barua yote. Halafu akawaambia yaliyokuwa yake: kwamba mama wa kwenye kanda aliwaonya wenye maradhi ya moyo, na yeye alisikia akayaruka. Kwamba Zamda alisema akilala chali anazama. Kwamba ule utulivu waliouona haukuwa raha, ulikuwa mwili umeshindwa. Kwamba angeweza kusema hapana, na alisema haya.

"Mwongo!" mmoja alisema gizani. Mwingine akaanza kulia. Mwanamke mja mzito aliinuka, akakusanya kanga yake, akatoka bila kumwangalia mtu. Wengine wakamfuata, na waliompita Mwantum walijibana wasimguse.

Bi Mwanawetu hakuinuka. "Tunajua alikuwa mgonjwa," alisema akiwa amefumba macho. "Uliona tumekuja kwako tukiwa wazima? Umetunyang'anya kitu, mwanangu, na hukutupa kingine."

Mwantum aliikunja barua. 

Kwenye kona, Zabibu alikuwa amekaa, mgongo ukutani, mikono imeshika vifundo vya miguu yake.

"Soma tena hapo pa miguu," alisema.

Jumatano yake Zabibu alipanda basi la Dar na kaka yake. Walimlaza hospitali wiki saba. Alirudi amekonda, ana mfuko wa vidonge vya kunywa maisha yake yote na amri ya kutokukanyaga cherehani. Alimtuma mtoto wa nduguye amrudishie Mwantum kanga yake, imepindwa kwa mkono. Mwenyewe hakuja. Wakikutana njiani walisalimiana, wakapitana.

Bi Mwanawetu hakwenda popote. Mwantum alimfuata mara nne, mara ya mwisho na Sadallah na gari la kukodi, wakarudi bila mtu. Alikufa mwezi wa Rajabu, mchana, amelala chali juu ya mkeka wake, macho yamefumbwa.

Matangani mkeka ulijaa. Walisema hakupapatika. Walisema uso wake ulikuwa umetakata kama wa msichana. Mwantum alikaa kati yao, na kila aliyesema hivyo alimjibu, bila kupandisha sauti:

"Alikuwa anaumwa kifua. Aliugua muda mrefu. Tulimwomba aende hospitali, akakataa."

Wakawa wanajisogeza mbali naye. Mpaka hitma inaanza kusomwa, upande ule wa mkeka alibaki peke yake. Alikaa hapo hapo mpaka ikamalizika, akasaidia kuosha sinia, akaenda nyumbani kwake.